Kubadilishana na Nani?

Mhadhara kwa walimu na wanachuo wa ualimu, Tanga



Mliniomba nizungumzie mwaka niliofundisha Kiswahili Marekani. Nilipouliza mnataka kusikia nini hasa, nilijibiwa kuwa ni mbinu za kuwafundisha wageni, vitabu wanavyotumia, na mitihani yao. Hayo nimeyaandika, na atakayeyahitaji nitampa karatasi tukimaliza. Hapa nimesimama na jambo jingine. Ndilo lililoninyima usingizi mwaka mzima, na sijalisikia likisemwa mbele ya watu na mwalimu yeyote aliyerudi. Mwalimu anapopelekwa nje kwa mpango wa kubadilishana, nyumba yake huwaje?

Nianze na neno lenyewe, maana kazi yangu ni sarufi. Badili, badilisha, badilishana. Kidato cha kwanza tunawafundisha kwamba kile kijisehemu cha mwisho kinaonyesha kutendana: wawili wanafanyiana kitendo kimoja, kila mmoja ni mtenda na ni mtendwa. Waliosalimiana, kila mmoja ametoa salamu na amepokea. Basi walimu wakibadilishana, mmoja ametoka huku kwenda kule, na mwenzake ametoka kule kuja huku. Mimi niliondoka Tanga Agosti 2012 nikaenda mji mmoja wa jimbo la Wisconsin. Kutoka Wisconsin hakuja mtu.

Kuna wakati neno hili lilitimia sawasawa. Mpango wa Fulbright ulianza mwaka 1946, kwa hoja ya seneta wa Arkansas aliyeupa jina lake, na katika miaka yake ya mwanzo ndipo walimu wa Marekani na wa Uingereza walipoanza kupeana madarasa. Mwalimu wa nchi moja alisimama mbele ya wanafunzi wa mwenzake, na mwenzake mbele ya wanafunzi wake. Wapo waliopeana hata nyumba, kila mmoja akalala kwenye kitanda cha mwenziwe. Kwetu Afrika Mashariki, kuanzia 1961, walikuja vijana wa Kimarekani kufundisha sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda, katika mpango ulioendeshwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York. Marehemu baba yangu alifundishwa baiolojia na mmoja wao. Alikuwa akimsifu sana. Alikumbuka nyumba ya mwalimu yule pale shuleni, mkewe, na mtoto wao mchanga aliyebebwa mgongoni na yaya wa Kibondei kutoka Muheza.

Yule yaya alikuwa na watoto wake. Baba alilisema hilo kama kitu cha kupita tu, katikati ya habari za panzi waliowapasua darasani, na mimi nililisikia vivyo hivyo, likapita. Lilinirudia nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, Wisconsin, mbele ya darasa.

Ilikuwa wiki ya tano ya muhula. Mada ilikuwa familia, kama ilivyo katika kila kitabu cha kuwaanzishia wageni Kiswahili. Nilikuwa nimewafundisha mama, baba, kaka, dada, nikafika kwa mama mdogo na baba mkubwa, ambao waliwafurahisha sana, kwa sababu kwao ndugu wa mama na ndugu wa baba wana jina moja. Nikabandika ubaoni picha ya nyumbani kwangu: mume wangu, fundi umeme bandarini, binti yangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la saba, mdogo wake wa darasa la tatu, na kitinda mimba, miaka mitatu, kashikilia sikio la mbuzi wa jirani. Zoezi lilikuwa kuniuliza maswali kwa Kiswahili.

Wakauliza. Watoto wako wanaitwa nani? Wako wapi? Nani anapika? Nikajibu: mama yangu anapika, sasa anakaa nyumbani kwangu. Kijana mmoja, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akanyoosha mkono. Akatafuta maneno, akayapanga vibaya, akayapanga upya. Akasema: "Mwalimu, nyumbani kwa mama yako, nani yuko?"

Kwa Kiswahili cha wiki tano, hakuna swali sahihi kuliko hilo. Nilimsifu kwa upatanisho wa ngeli. Jibu sikumpa, nikahamia zoezi la pili.

Jibu lilikuwa hili. Nyumbani kwa mama yangu, Muheza, hapakuwa na mtu. Mama alikuja Tanga Julai, mwezi mmoja kabla ya safari yangu, ili yule mdogo amzoee. Julai machungwa yameiva. Ninyi wa huku mnajua maana yake: shamba la machungwa mwezi ule haliachwi. Mama aliyauza yakiwa mtini, kwa dalali, kwa bei ambayo hajataka kunitajia mpaka leo. Alikuwa na mjukuu aliyemlea pale, mtoto wa marehemu kaka yangu, naye akahamishiwa shule ya Tanga katikati ya mwaka, akaingia darasa lisilo na dawati lake. Mama alikuwa katika upatu wa wanawake kumi na wawili, na zamu yake ya kupokea ilikuwa Oktoba. Kwa kuwa hakuwepo kuhudhuria, ilisogezwa hadi mwisho. Kulikuwa na bibi jirani, mzee kuliko yeye, ambaye mama alimpelekea uji kila asubuhi. Kazi ya uji akaipokea mdogo wangu wa kike anayekaa Korogwe: akapanda basi kila Jumamosi kuja kumtazama mzee yule na kufagia uwanja wa mama, na wanawe akamwachia wifi yake.

Ufuateni mnyororo huo. Mimi nilikwenda Wisconsin. Mama akaja mahali pangu. Mdogo wangu akaenda mahali pa mama. Wifi akashika mahali pa mdogo wangu. Wanawake wanne walihama au walibeba mzigo wa mwenzao ili Kiswahili kifundishwe Marekani vipindi kumi kwa wiki. Mkataba una jina moja. Posho ilihesabiwa kwa mtu mmoja. Mwajiri alinipa ruhusa bila mshahara, kwa hiyo nyumba ya watu sita ilikula mshahara wa bandarini na kile nilichotuma kila mwezi baada ya kulipa pango. Simlaumu mtu kwa hesabu hiyo, ila nasema ilifanywa na watu ambao hawakuuliza swali la yule kijana.

Baba watoto simsahau. Wapo wanaodhani mume akiachwa na watoto anakuwa mgeni nyumbani mwake, akisubiri kupakuliwa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwa zamu. Zamu za usiku alirudi alfajiri, akawaogesha watoto, akawasindikiza shule, kisha ndipo akalala. Alijifunza kusuka nywele za binti yake, mistari mitatu minene, akapigwa picha nikatumiwa. Majirani walisema waliyosema. Aliniambia kitu kimoja tu mwaka mzima kilichofanana na lalamiko: kwamba watu wakimwona barabarani humuuliza habari zangu, na hakuna anayeuliza habari zake.

Sasa nieleze saa, maana ndizo zilizokuwa daraja letu na ndizo zilizotusumbua.

Tanga imeitangulia Wisconsin kwa saa nane wakati wa majira ya joto. Watoto wangu waliamka saa kumi na mbili asubuhi, na kwangu ilikuwa saa nne ya usiku uliotangulia. Basi tukapanga: kila siku ya shule, saa kumi na mbili, kabla ya chai, napiga Skype kwenye kompyuta ya baba yao, bando likiwepo, lisipokuwepo napiga simu ya kawaida kwa kadi. Dakika kumi. Nilikagua daftari kwa kamera. Binti yangu alifanya mtihani wa darasa la saba Septemba ile, na asubuhi ya kwanza nilimwambia yale ambayo kila mama humwambia mtoto, soma swali mara mbili, usiogope, huku kwangu ni usiku na mbu wa ziwani wakigonga dirisha.

Novemba, Marekani hurudisha saa zao nyuma. Nilikuwa nimeambiwa, nikasahau. Jumapili ya tarehe 4 nilikaa mezani saa nne usiku kama kawaida yangu, nikapiga. Kwetu ilikuwa tayari saa moja, Jumatatu. Watoto walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta tangu saa kumi na mbili, wakangoja, wakaondoka bila chai. Alipokea mama. Nikamweleza kwamba huku saa zimebadilishwa. Mama akanyamaza kidogo. "Na nani?" akauliza. Nikasema na serikali. Akasema, "Basi waambie sisi huku jua letu liko palepale."

Tangu siku hiyo saa kumi na mbili yao ikawa saa tatu usiku yangu, na siku mbili kwa wiki saa tatu usiku nilikuwa na kikundi cha mazungumzo ya Kiswahili chuoni, sehemu ya kazi yangu. Siku hizo mbili watoto walinikosa mpaka machipuko. Nilijaribu kuomba kikundi kisogezwe. Wanafunzi walikuwa na ratiba zao, wengine wanafanya kazi jioni, haikuwezekana. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi, wakati wanangu wanaamka, mimi nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kusema "umeamkaje".

Na darasani, kipindi cha jioni, nilifundisha saa za Kiswahili. Mnajua zilivyo nyepesi kwetu: jua likichomoza hesabu inaanza, saa moja asubuhi imepita saa moja ya mwanga, na saa kumi na mbili jioni jua linazama. Zimeshonwa kwa jua la ikweta, jua lisilohama sana mwaka mzima. Desemba, Wisconsin, jua huzama mnamo saa kumi na dakika ishirini. Mwanafunzi mmoja akatazama dirisha, nje giza, barafu juu ya ziwa, akasema kwa Kiswahili kizuri: "Mwalimu, jua limezama, kwa hiyo sasa ni saa kumi na mbili?" Nilimweleza kwamba saa zetu zimekaa mahali pake. Nikamweleza kwa nini. Nilipokuwa nachora duara la dunia ubaoni nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nimekwenda mbali kiasi gani. Ramani haikunionyesha hilo, wala ndege. Nilikuwa mahali ambapo saa ya mama yangu haisemi kweli.

Idi ya kuchinja ya Oktoba nilifundisha vipindi vitatu. Nilivaa kanga juu ya koti. Sina zaidi ya kusema juu ya siku hiyo.

Kuna nyumba nyingine niliyoiacha, na wenzangu wa chaki wataielewa. Nilikuwa na kidato cha nne. Niliwaacha Agosti, na mtihani wao ulikuwa Oktoba. Kwa kuwa hakuna aliyekuja kubadilishana nami, vipindi vyangu viligawiwa walimu wawili, mmoja wao wa historia. Februari 2013 matokeo yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Nilisoma habari hiyo maktabani, nikiwa nimetoka darasani kufundisha watu kumi na wanne. Darasa langu la Tanga lilikuwa la sabini na mmoja. Sisemi walianguka kwa ajili yangu. Yalikuwa maafa ya taifa zima, na Mei matokeo yale yalifutwa yakapangwa upya. Ila nililihesabu darasa lile jina kwa jina usiku ule, na nilikumbuka nani alikuwa bado anachanganya sentensi changamano na sentensi ambatano.

Nivumilieni nirudi nyuma zaidi, hadi Bagamoyo.

Mwaka 1900 mwalimu mmoja wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa 1887. Wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kuja huku kututawala, kufanya biashara na kueneza dini. Hakuwa mwalimu wa kubadilishana, ingawa ni babu yetu sote tuliopanda chombo kwenda kufundisha lugha hii ugenini. Wengi tunamjua kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903 kwa jina la Carl Velten, ambacho sehemu kubwa ni kalamu ya Mtoro. Nilikisoma tena nikiwa Wisconsin. Kabla ya hapo nilikisoma kama hazina ya mila. Safari hii nilimsoma mtu aliye mbali na kwao anayeeleza, hatua kwa hatua, mtoto anavyozaliwa, anavyopewa jina, anavyolelewa, anavyotiwa chuoni, watu wanavyooana. Aliyeko nyumbani haandiki hivyo. Huandika hivyo anayeogopa kusahau.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wakafunga safari warudi pwani, mume na mke. Walipofika, mamlaka ya kikoloni ilikataa kuwaruhusu washuke waishi huku, kwa sababu haikuweza kustahimili kuonekana mwanamke mweupe akiwa mke wa mtu mweusi katika koloni. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro alifundisha tena baadaye, Hamburg, na akafa Berlin mwaka 1927. Serikali ile ilikitaka Kiswahili chake. Alipotaka kuwa mume, nyumbani kwao, ikamfungia bahari.

Siku hizi sheria hazifanani na hizo, na ni haki kusema. Viza ya Marekani ya walimu wa kubadilishana, J-1, ina mwenzake, J-2, kwa ajili ya mume au mke na watoto wasiofikisha miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Mpango wangu haukupokea familia, lakini ipo mingine inayopokea. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa mwalimu kutoka Eldoret, alikuja na mkewe na mtoto mmoja. Nilimwonea wivu miezi miwili. Mkewe alikuwa muuguzi, mwenye miaka tisa wodini. Mwenye J-2 anaweza kuomba kibali cha kazi, ila aeleze kwamba fedha hizo si za kumlisha mwenye J-1, na kibali huchukua muda wake. Dada yule alikaa ndani, akiangalia theluji, akiosha vyombo vilevile mara tatu kwa siku. Mtoto wao kufikia Krismasi alikuwa akimjibu baba yake kwa Kiingereza. Baba, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa akifundisha kutwa na kurudi nyumbani kukosa wa kuzungumza naye. Jumapili tulikula pamoja ugali, dada akalia siku moja, akasema amekuwa mzigo wa mtu wakati kwao alikuwa sista wa zamu. Wivu ulinitoka.

Nilirudi mwishoni mwa Mei 2013. Yule mdogo, sasa ana minne, alinipokea vizuri, akakaa mapajani, akala chokoleti. Asubuhi ya pili aliamka saa kumi na mbili, akaenda mbele ya kompyuta, akasema anataka kuongea na mama. Nikamwambia mama ni mimi, nipo hapa. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayekosea. Akarudia: anataka mama. Mume wangu akanikonyeza. Nikatoka uwanjani, nikasimama chini ya mwembe na simu, nikapiga. Akapokea. Akanisimulia kila kitu: kuna mgeni amekuja, amelala chumbani kwa baba, ana kanga za bibi. Tuliongea dakika kumi zetu. Tulifanya hivyo asubuhi tisa.

Mama hakungoja. Wiki ya pili alifunga mizigo yake, na mimi nikaenda naye Muheza pamoja na watoto, shule wakaruhusiwa siku chache. Kufuli la mlango lilikuwa limeliwa na kutu, tukalivunja kwa jiwe. Michungwa ilikuwa imefunikwa na majani hadi kiunoni. Bibi wa uji alikuwa amefariki Machi. Mama hakuwa amenieleza, kwa kuwa ningefanya nini. Nilikaa siku kumi na mbili nikipalilia, nikipika, nikiteka maji, na jioni mama akakaa barazani bila kazi yoyote mkononi. Ndipo aliponiambia habari za upatu, za dalali, za usiku mtoto wa marehemu kaka alipotoroka kurudi Muheza kwa miguu wakamkuta njiani. Aliyasema kama mtu anayetoa taarifa baada ya safari ya kikazi. Mimi, nilipotua Dar es Salaam, nilikuwa nimeandika ripoti yangu ya kurasa kumi na nne. Ya mama niliisikia mimi peke yangu.

Walimu wa Kiswahili wataendelea kutoka. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kukiingiza Kiswahili katika shule zake, UNESCO ikaipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai, na maombi yanakuja. Nataka mwende. Mwaka ule ulinifanya mwalimu bora, na wale kumi na wanne nawapenda. Ninaloomba kwa wanaoandika mikataba, na baadhi yao wamo humu ukumbini, ni mambo yanayoandikika: mwalimu wa kushika vipindi awe amepatikana kabla tiketi haijakatwa, mshahara wa nyumbani usikatwe, na anayekuja kushika nyumba ajulikane kwa jina, alipwe posho, hata kama ni mama mzazi, hasa kama ni mama mzazi.

Sasa mimi ni makamu mkuu wa shule, na fomu hizi hupitia mezani kwangu. Mwezi uliopita alikuja kijana wetu mmoja anayekwenda nje miaka miwili, ana mke na pacha wa miezi saba. Nikamuuliza nani atakuja kukaa na mkewe. Akasema mama yake mdogo, kutoka Lushoto. Nikamuuliza jina lake kamili na kazi aliyokuwa akifanya huko. Ana bustani ya kabichi na karoti, ameshaipangisha. Tulitafuta mahali pa kuyaandika hayo katika kurasa sita za fomu. Kuna nafasi ya namba ya kiatu, kwa ajili ya sare ya sherehe. Ya mama mdogo hakuna. Tukaigeuza karatasi ubavu, tukaliandika jina lake pembeni kwa kalamu nyekundu, na chini yake: kabichi na karoti, nusu ekari. Nikagonga muhuri juu yake.